Tazama Ulipojikwaa: Ushauri kwa Mwanafunzi wa Fasihi Aliyezongwa na Nadharia

Insha yangu ya kwanza ya uhakiki chuoni ilikuwa na kurasa kumi na mbili. Katika kurasa saba za mwanzo nilieleza Umaksi: ulianzia wapi, waasisi wake ni akina nani na mihimili yake ni ipi. Mihimili hiyo niliinakili kutoka kwenye desa la kaka mmoja wa mwaka wa tatu. Kurasa tano zilizobaki nilizitumia kuwagawa wahusika wa riwaya ya Vuta N'kuvute katika matabaka: huyu bepari, huyu mfanyakazi, yule kibaraka. Usiku ule niliisoma tena nikiwa nimekaa kwenye kimbweta, nikajiona nimekuwa msomi. Baada ya wiki mbili ilirudi na alama za kuninusuru tu nisishike sapu. Chini kabisa mwalimu alikuwa ameandika maneno matatu kwa kalamu nyekundu: "Riwaya iko wapi?"

Nilikasirika. Nadharia si ndiyo waliyoitaka? Leo niko mwaka wa mwisho wa shahada ya uzamili, na nikiombwa kuwasomea kazi zao wadogo zangu wa mwaka wa kwanza, naikuta insha ileile ikinisubiri. Imebadilika jina la mwandishi na jina la kitabu; mihimili iko palepale. Ndiyo maana nawaandikia. Nadharia siichukii, nimeiona ikinifumbua macho. Ila inatufaa pale tu tunapoijia kwa njia yake, na njia hiyo wengi wetu hatukuonyeshwa.

Wahenga walisema usitazame ulipoangukia, tazama ulipojikwaa. Shuleni tulifunzwa kutazama tulipoangukia. Tuliulizwa dhamira, ujumbe, falsafa na msimamo wa mwandishi, na yote hayo ni mahali msomaji anapotua baada ya safari. Hatukuulizwa ni sentensi ipi iliyotukwaza, ukurasa upi tuliurudia mara mbili, mhusika gani alitukera bila sababu ya kueleweka. Uhakiki huanzia hapo ulipojikwaa, na ushauri wote ufuatao unatokana na jambo hilo moja.

Mara ya kwanza, soma kama mtu anayesoma hadithi

Ukikabidhiwa kitabu, kisome mpaka mwisho kabla hujafungua mwongozo wowote, hujauliza kwenye kundi la WhatsApp, wala hujaiomba programu ya akili mnemba ikufupishie. Sisemi mambo hayo ni dhambi. Shida yake ni kwamba yanakuonyesha alipojikwaa mwingine, na ukishaonyeshwa, wewe utaliruka hilo jiwe na mengine yote yaliyo karibu nalo.

Shika penseli. Usiandike maelezo marefu pembeni, weka alama tu. Mimi natumia tatu. Alama ya kuuliza naiweka pale nisipoelewa. Msalaba nauweka pale ninapokereka, kwa mfano mhusika anapofanya jambo ambalo akili yangu inalikataa. Duara nalizungushia kitu kinachojirudia: rangi, harufu, neno, mlango unaofungwa kila mara mtu fulani anapopita. Ukimaliza kitabu, rudi kwenye alama zako. Kwa kawaida utakuta ziko nyingi, lakini mbili au tatu kati yake zinakuita. Ziandike hizo kwenye daftari, na ubandike swali kwa kila moja. Huo ndio mtaji wako.

Ushairi una utaratibu wake. Usome kwa sauti, mara tatu kama unaweza, hata wenzako wa bwenini wakikucheka. Shairi la Kiswahili, liwe la vina na mizani au liwe huru, limetungwa kwa ajili ya pumzi. Pumzi yako inapokatika mahali usipotarajia, hapo umejikwaa.

Jua kila nadharia ilizaliwa na ugomvi gani

Tunapofundishwa nadharia kama orodha, yaani jina, mwasisi na mihimili, tunazikariri kama makabila ya ugenini. Nilianza kuzielewa nilipogundua kwamba kila moja ni kauli ya mtu aliyekuwa anabishana na mtu mwingine. Kwa hiyo usiulize tu nadharia inasema nini. Uliza pia inamjibu nani.

Mwaka 1917, wakati Urusi ikiingia kwenye mapinduzi, Viktor Shklovsky alikuwa anabishana na waliodhani kazi ya shairi ni kutupa picha za kurahisisha mawazo. Yeye alidai kinyume chake. Mazoea hutupofusha tusivione vitu, na kazi ya sanaa ni kuvifanya vigeni tena ili tuvione upya. Ukishaujua ugomvi huo, ufomalisti wake hauwi tena hesabu ya tamathali za semi. Unakuwa swali: mwandishi amekifanyaje kigeni kitu nilichokizoea?

Ferdinand de Saussure alifundisha Geneva na akafa mwaka 1913. Kitabu kilichomtangaza kilichapishwa mwaka 1916 na wenzake kutokana na madaftari ya wanafunzi. Wazo lake kubwa kuhusu maneno lilinisumbua muhula mzima, mpaka siku niliyokaa na wazee wanaocheza bao. Bao lina mashimo 32 na kete 64, na kete zote zinafanana. Hakuna kete yenye thamani yake yenyewe. Thamani yake inatokana na shimo ililokaa na kete zilizo jirani. Maneno ndivyo yalivyo, na wahusika wa hadithi pia. Umuundo wote unaanzia hapo. Kama huwezi kuieleza nadharia kwa mfano wa kitu ulichokishika kwa mikono yako, bado hujaielewa, umeikariri.

Tena usidhani ugomvi wote ulifanyikia Ulaya. Mwaka 1968, katika chuo ambacho leo ni Chuo Kikuu cha Nairobi, Ngũgĩ wa Thiong'o, Henry Owuor-Anyumba na Taban lo Liyong walitaka Idara ya Kiingereza ivunjwe, na Afrika ikae katikati ya masomo badala ya kuwekwa pembezoni. Chuo Kikuu cha Dar es Salaam cha miaka hiyo kilikuwa kinaishi na Azimio la Arusha la mwaka 1967. Walter Rodney alifundisha pale, na kitabu chake kuhusu namna Ulaya ilivyoidumaza Afrika kikatoka mwaka 1972. Wahakiki waliosoma riwaya kwa jicho la tabaka wakati huo walikuwa wakiuliza swali ambalo nchi nzima ilikuwa ikijiuliza. Sisi tunaponakili majibu yao bila kulisikia swali, tunabaki na makapi.

Halafu kuna ugomvi wetu wa nyumbani kabisa. Amri Abedi aliweka kanuni za utunzi wa mashairi kwenye kitabu chake cha mwaka 1954. Miaka ishirini baadaye Euphrase Kezilahabi akatoa Kichomi, mashairi yasiyofuata vina wala mizani, na wanamapokeo na wanamabadiliko wakakabana koo kwa miaka. Shairi ni nini? Nani mwenye mamlaka ya kusema hili ni shairi na hili si shairi? Lugha ikiwa na urithi wake, kijana aliyezaliwa mbali na pwani anaruhusiwa kuugusa urithi huo? Anayesema Kiswahili hakina mjadala wa kinadharia hajausoma ugomvi huu.

Swali lichague nadharia

Hapa ndipo insha yangu ilipoharibikia. Nilichagua Umaksi kwanza, kisha nikaenda kuuwinda ndani ya riwaya, na mwindaji wa namna hiyo harudi mikono mitupu. Ukiingia kwenye riwaya yoyote ya Kiswahili ukitafuta tabaka, utalipata. Ukitafuta mfumo dume, utaupata vilevile. Lakini kukiona tu kitu si kukihakiki.

Nilikuja kuvuka kwa msaada wa mtu ambaye hajawahi kukanyaga darasa la fasihi la chuo. Dada yangu ana saluni. Likizo moja nilikuwa nimekaa mbele yake akinisuka, na ili saa zisogee nikamhadithia Vuta N'kuvute ya Adam Shafi. Nikamweleza Yasmin, binti wa Kihindi wa miaka kumi na mitano katika Zanzibar ya ukoloni, aliyeozwa Bwana Raza, mtu mzima mwenye duka. Nikamweleza alivyomkimbia mumewe, kwao wakamkataa, akapata hifadhi kwa rafiki yake Mwajuma. Nikafika kwa Denge, mpigania uhuru, na hapo nikapandisha sauti kwa kuwa ndiye niliyempa nafasi kubwa katika zile kurasa tano. Dada akanikatiza.

"Subiri kwanza. Huyo Mwajuma yeye anakula nini?"

"Anakula nini kivipi, dada?"

"Mdogo wangu, mgeni siku mbili, ya tatu mpe jembe. Huyu kakaa pale siku ngapi? Nani ananunua unga? Nani analipia chumba?"

Sikuwa na jibu. Nilikuwa nimeisoma riwaya ile mara mbili na Mwajuma nilimpa mstari mmoja tu kwenye insha: "mhusika msaidizi, ana utu". Rasta zilipokwisha nilirudi nyumbani nikakifungua kitabu upya, safari hii nikiweka duara kila palipotajwa chakula, nguo, kitanda au senti ndani ya maisha ya Mwajuma. Nikaiona riwaya nyingine ikipita chini ya ile niliyoijua. Nilikuwa nimewasoma wapigania uhuru kama watu wanaoishi kwa siasa peke yake. Sasa nikauliza: harakati zinalazwa katika nyumba ya nani, na anayezilaza anaitwa nani historia inapoandikwa?

Tazama kilichotokea. Swali la dada yangu lina Umaksi ndani yake, maana linauliza nani anazalisha na nani anatumia. Lina ufeministi, maana linaiangalia kazi ambayo wanawake huifanya bila kuhesabiwa kuwa kazi. Yeye hakuzitaja nadharia hizo, alijikwaa tu. Kazi yangu kama mwanafunzi ilikuwa kulipokea swali, kisha kwenda maktaba kutafuta waliowahi kuuliza linalofanana nalo, ili waninolee. Safari hii nadharia nilikuwa naihitaji, kwa hiyo kila aya niliyosoma ilikuwa na mahali pa kukaa.

Basi ukishapata swali lako, lipeleke kwa nadharia inayolifaa. Swali la nani ana mali na nani hana lipeleke kwa Umaksi. Swali la kwa nini mwandishi amelipanga tukio hili kabla ya lile lipeleke kwa wafomalisti na wanaumuundo. Swali la kwa nini mhusika anatenda asichokitaka linaweza kwenda kwa saikolojia changanuzi. Kama unajiuliza kwa nini kisa kilekile kimemliza mama yako na wewe kikakuchekesha, iko nadharia ya upokezi. Ukipotea kwenye istilahi, K. W. Wamitila ana vitabu viwili vya kukushika mkono: Uhakiki wa Fasihi: Misingi na Vipengele Vyake cha mwaka 2002, na Kamusi ya Fasihi: Istilahi na Nadharia cha mwaka 2003. Vitumie kama kamusi inavyotumika, yaani ukiwa tayari na neno unalolitafuta.

Anza na neno lenyewe

Wengi wetu tukiona kichwa "matumizi ya lugha" tunaorodhesha tashibiha, takriri na methali, kisha tunahamia kwenye dhamira. Jaribu kukaa na neno moja kwa nusu saa. Kiswahili kinamlipa vizuri mtu mwenye subira, kwa sababu kitenzi chake kimoja kinabeba sentensi nzima.

Chukua jina la riwaya hiyohiyo. "Vuta" ni amri kwa mtu mmoja, haikuandikwa "vuteni". Haijasemwa avute nini. Kisha inafuata "n'kuvute". Ndani yake kuna nafsi ya kwanza, mimi. Kuna "ku", wewe unayevutwa. Na kuna ile "e" ya mwisho, inayokifanya kitendo kiwe bado hakijatimia, kiwe kusudio au mwaliko. Irabu ya "ni" imemezwa, kama watu wanavyozungumza barazani. Sasa uliza. Mimi ni nani? Wewe ni nani? Ni mume na mke, mkoloni na mwananchi, ukoo na binti yake, au mapenzi na harakati? Jina linakataa kusema. Tena ukitazama vizuri, kinachovutwa katika nusu ya pili si kamba. Ni mtu.

Nilipoliona hilo ndipo nilipoelewa kwa nini riwaya yenye mpigania uhuru ndani yake haianzi naye, inaanza na Yasmin. Yeye ndiye anayevutwa na kila mkono. Kufika hapo sikuhitaji mwananadharia. Nilihitaji sarufi niliyofundishwa kidato cha tatu na nikaidharau.

Majina ya mahali nayo usiyapite mbio. Ng'ambo, eneo la mji wa Zanzibar, iliitwa hivyo kwa sababu ilikuwa upande wa pili wa mkono wa bahari ulioitenga na Mji Mkongwe; mkono huo baadaye ulifukiwa. Maji yaliondoka, jina likabaki. Lakini ng'ambo kwa nani? Kwa anayetazama kutoka mjini. Neno lenyewe limeshaamua kitovu kiko wapi na pembezo ni wapi. Ukitaka kuandika kuhusu fasihi ya baada ya ukoloni, unaweza kuanzia kwenye neno hilo moja, na msomaji wako atakuelewa kabla hujafika kwenye jina la mtaalamu.

Mwandishi usimzike haraka, wala usimfufue ovyo

Roland Barthes, Mfaransa, aliandika mwaka 1967 insha ndogo iliyotangaza kifo cha mwandishi. Alichokuwa anakipinga ni tabia ya wahakiki kuifunga maana ya kitabu ndani ya maisha ya aliyekiandika, kana kwamba tukijua alipozaliwa na alivyopenda tumemaliza kazi. Dawa hiyo inatufaa, maana nasi tuna ugonjwa huo. Nusu ukurasa wa "historia fupi ya mwandishi" mwanzoni mwa insha ni nadra kufanya kazi yoyote. Kama aya hiyo haijibu swali lako, ifute.

Ila dawa nayo ina kipimo chake. Adam Shafi aliwekwa kizuizini baada ya mauaji ya Rais Abeid Amani Karume ya Aprili 1972, na miaka mingi baadaye akaandika Haini, riwaya inayotokana na matukio hayo. Kumwambia msomaji wa Haini asahau hilo ni kumnyang'anya kitu. Kumwambia kwamba kila neno la Haini ni ushahidi wa mahakamani nako ni kumdanganya, kwa sababu riwaya ina wahusika, ina mpangilio, na kuna ilichochagua kukinyamazia. Kanuni yangu ni hii: maisha ya mwandishi yaingie pale yanapolifanya swali liwe gumu zaidi. Yakiingia ili kulimaliza swali, yaache mlangoni.

Ukikaa kuandika

Aya ya kwanza iwe pale ulipojikwaa. Taja ukurasa, taja tukio, sema kilichokushangaza. Usianze na "tangu enzi na enzi fasihi imekuwa kioo cha jamii". Mwalimu wako ameshakiona kioo hicho mara elfu.

Aya ya pili iwe swali. Ya tatu imlete mtaalamu, na wazo lake ulieleze kwa maneno yako katika sentensi mbili au tatu. Ukishindwa, ina maana hujamwelewa, rudi usome. Kuanzia hapo usiandike aya isiyogusa kitabu: neno, tukio, ukimya, mpangilio. Karibu na mwisho, weka aya moja ya uaminifu inayoeleza nadharia yako imeshindwa kuona nini. Kila taa ina upande inaoutia kivuli. Kukiri hivyo hakukupunguzii alama, na mara nyingi ndiyo aya inayoonyesha kwamba uliyeandika ni wewe.

Kabla ya kukabidhi, fanya majaribio mawili. La kwanza, futa majina yote ya nadharia na wataalamu, kisha soma kilichobaki. Je, hoja bado imesimama? Kama imeanguka, ulikuwa umeiegemeza kwenye ukuta wa jirani. La pili, ondoa jina la kitabu ulichohakiki, weka la kitabu kingine, tuseme Utengano mahali pa Vuta N'kuvute. Kama insha bado inasomeka vizuri, hukuhakiki kitabu chochote. Insha yangu ya mwaka wa kwanza ingeanguka katika jaribio la kwanza na kusomeka vizuri katika la pili, na ule ndio uliokuwa ubaya wake.

Insha kuhusu Mwajuma niliiandika mwaka uliofuata, kwa mwalimu yuleyule. Ilikuwa na kurasa nane. Iliporudi, niliitafuta kalamu nyekundu kabla ya kutazama alama. Pembeni ya aya ya kwanza alikuwa ameandika: "Swali zuri. Umelitoa wapi?" Nilirudi kwenye orodha yangu ya marejeo nikaipitia kutoka juu hadi chini. Wataalamu wote walikuwepo, kwa miaka yao na wachapishaji wao. Dada hakuwepo. Mpaka leo sijajua saluni inaandikwaje kwenye marejeo.